Drake: Chuo kisicholipa mchezaji kilivyokuja kuandika historia Arusha

Dar es Salaam. Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Mikocheni, iwe kule viwandani au jirani na kituo cha daladala, mada utakayoikuta ni Simba na Yanga. Lakini kila mwaka, Jumatatu moja ya Februari, hujitokeza kijana mmoja mwenye macho mekundu. Hajalia wala hajalewa. Amekesha akiangalia Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ambayo kwa saa za Bongo huanza karibu saa 8:30 usiku.

Wazee wa kahawa hawamwachi hivihivi.

"Mwanangu, huo nao mpira? Unashikwa kwa mikono, watu wamevaa helmeti kama bodaboda, halafu mnauita mpira wa miguu!"

"Mzee wangu, ule ni mchezo wa akili."

"Akili gani ya kugongana kama mafahali? Waachie wenyewe Wamarekani. Hapa kwetu hauwezi kuchezwa hata siku moja."

Hapo ndipo mzee anapokosea. Ulishachezwa, tena kwenye uwanja anaoujua vizuri kila shabiki wa soka nchini.

Jumamosi ya Mei 21, 2011, vijana wa Chuo Kikuu cha Drake kutoka Marekani waliingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kukipiga na kombaini ya wanafunzi wa vyuo binafsi vya Mexico, iliyojulikana kama CONADEIP. Mechi ilipewa jina la Kilimanjaro, na ilitangazwa kuwa ya kwanza ya mpira wa Kimarekani wa vyuo kuchezwa katika bara la Afrika. Watazamaji zaidi ya 11,000 waliingia. Drake wakashinda 17-7.

Utauliza, Marekani ina vyuo vyenye timu za kutisha na viwanja vinavyobeba watu zaidi ya 100,000. Kwa nini historia hii ikaja kuandikwa na chuo ambacho hata mashabiki wengi wa kwao hawakifuatilii?

Jibu lake ni hadithi ya zaidi ya miaka 100. Ndani yake kuna taya lililovunjwa, timu iliyofutwa, na swali ambalo hata wazazi wa Mikocheni huwauliza watoto wao kila siku: shule au mpira?

HESABU ZA 17-7

Kwanza tuwekane sawa, maana shabiki wa soka akisikia 17-7 anadhani kuna kipa alilala usingizi.

Mpira wa Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kama soka. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, ambazo ni kama mita tisa. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa mpinzani. Ndiyo maana mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache: kila jaribio ni kama mpira wa adhabu unaopangwa upya.

Ukiufikisha mpira mwisho wa eneo la mpinzani, hiyo inaitwa tachidauni, unapata pointi sita. Baada ya hapo unapewa mkwaju wa kuongeza pointi moja. Ukikwama njiani, unaweza kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili ndefu, unapata tatu.

Sasa fanya hesabu. Saba na saba ni 14, weka tatu, unapata 17. Mwenzako ana saba, yaani kafika mara moja tu. Kwa lugha yetu ya kijiweni, ile 17-7 ni kama 3-1. Ushindi mzuri, lakini si wa kudhalilishana.

Na uwanja wenyewe una hadithi yake. Umebeba jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, malenga mkubwa wa Kiswahili na Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa kalamu na mtu wa kazi za umma kwa wakati mmoja. Ukiwajua waliokuja kucheza pale siku ile, utaona hawakukosea uwanja.

DRAKE NI NANI?

Chuo Kikuu cha Drake kipo Des Moines, makao makuu ya Jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Ni jimbo la mashamba ya mahindi. Kilianzishwa mwaka 1881, na timu yake ya mpira ilianza mwaka 1893.

Ni chuo binafsi na ni kidogo. Wanafunzi wake ni elfu chache, wakati vyuo vikubwa vya Marekani vina makumi ya maelfu. Watu wa riadha wanakijua zaidi kwa Drake Relays, mashindano yaliyoanza mwaka 1910 na yanayofanyika mpaka leo kwenye uwanja wa chuo hicho.

Kwenye mpira kuna jambo moja linaloitofautisha Drake na timu kubwa. Mchezaji wake hapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Hakuna. Anaweza kusaidiwa ada kwa sababu ana alama nzuri darasani au kwa sababu familia yake haina uwezo, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Lakini kwa kukimbia na mpira, halipwi kitu.

Hapa Tanzania njia ya vyuo vya Marekani tunaijua kwa upande mwingine. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na alitamba sana kwenye mashindano ya vyuo. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapitia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA. Kwa hiyo tumezoea kuona kipaji kikilipa ada.

Drake ni kinyume chake. Pale unalipa ada, unasoma dawa, sheria au uandishi wa habari, halafu jioni unavaa helmeti ukaumie. Kwa nini mtu afanye hivyo? Tuanze na mtu mmoja.

TAYA LA JOHNNY BRIGHT

Kijana huyo aliitwa Johnny Bright. Alizaliwa Fort Wayne, Indiana, mwaka 1930. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwepesi, mwenye nguvu, na anayejua kukimbia na mpira na kuurusha pia. Mwaka 1949 na 1950 aliongoza nchi nzima kwa jumla ya yadi alizoipatia timu yake. Enzi hizo Drake ilikuwa ikicheza na wakubwa, na kijana huyu aliwatoa jasho.

Oktoba 20, 1951, Drake walisafiri hadi Stillwater, Oklahoma, kucheza na Oklahoma A&M, chuo ambacho leo kinaitwa Oklahoma State. Drake walikuwa hawajapoteza mechi msimu ule. Bright alikuwa akitajwa miongoni mwa wanaowania tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani.

Mjini kulikuwa na maneno ya chini kwa chini kwamba yule kijana mweusi hatamaliza mechi. Maneno hayo yaliwafikia pia waandishi. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Robinson na Don Ultang, wakaamua kuelekeza kamera yao kwa Bright tangu mwanzo.

Hawakusubiri sana. Ndani ya dakika saba za kwanza Bright aliangushwa na kupoteza fahamu mara tatu na mchezaji mmoja, Wilbanks Smith. Picha zilionyesha kila kitu: Bright ameshautoa mpira, amesimama mbali na mchezo, halafu anakuja mtu na kumpiga usoni. Taya likavunjika. Na bado, kabla ya kutoka, alirusha pasi ya yadi 61 iliyozaa tachidauni.

Drake walifungwa 27-14. Kilichobaki kwenye historia ni zile picha. Zilichapishwa nchi nzima, na mwaka 1952 zikawapa wapiga picha wale tuzo ya Pulitzer, heshima ya juu kabisa ya uandishi wa habari Marekani.

Ligi haikumwadhibu mtu. Hapo ndipo chuo kidogo kilipofanya jambo ambalo wakubwa wengi wasingethubutu: Drake ilijitoa kwenye ligi yake, Missouri Valley, kwa kupinga ukimya ule. Chuo cha Bradley nacho kikaungana nayo.

Hebu lifikirie hilo kwa mazingira yetu. Timu yako inafanyiwa unyama ugenini, unalalamika, wenye ligi wanakaa kimya. Wangapi wangefunga virago? Wengi wangesema tutapata wapi mechi, tutapata wapi mapato ya milangoni. Drake walikuwa na kila sababu ya kunyamaza, lakini waliondoka.

Bright mwenyewe alichaguliwa na Philadelphia Eagles kwenye raundi ya kwanza ya usajili wa NFL mwaka 1952. Hakwenda. Alikuwa na wasiwasi na namna mchezaji mweusi angetendewa kule, akaenda zake Canada. Huko akawa mfalme. Alitwaa ubingwa wa Grey Cup mara tatu mfululizo na timu ya Edmonton, 1954 hadi 1956, na mwaka 1959 akawa mchezaji bora wa ligi, Mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo.

Lakini kitu kimoja husahaulika. Bright alikuwa na shahada ya ualimu aliyoipata Drake, na aliitumia. Alifundisha shule Edmonton wakati bado anacheza, na baadaye akawa mwalimu mkuu. Alifariki mwaka 1983. Leo mji huo una shule yenye jina lake.

Chuo cha Oklahoma State kiliomba radhi rasmi mwaka 2005, miaka 54 baada ya lile tukio na miaka 22 baada ya mwenyewe kuzikwa. Mwaka uliofuata, Drake wakauita uwanja wao Johnny Bright. Vijana waliokuja Arusha 2011 walitokea kwenye nyasi hizo.

MWAKA TIMU ILIPOFUTWA

Ujasiri haulipi bili. Kadiri miaka ilivyokwenda, mpira wa vyuo Marekani ukageuka biashara ya mamilioni, na chuo kidogo kilichotaka kugawa ufadhili kwa makumi ya wachezaji kikawa kinachimba shimo. Kikosi cha mpira wa Kimarekani si watu 25 kama cha soka. Kinaweza kuzidi watu 80. Kila mmoja na ada yake, vifaa vyake, daktari wake na nauli yake.

Baada ya msimu wa 1985, uongozi wa Drake ukasema basi. Mwaka 1986 hapakuwa na timu. Chuo kilichocheza mpira tangu karne ya 19, chuo cha Johnny Bright, kikapitisha msimu mzima uwanja ukiwa kimya.

Shabiki wa hapa hahitaji kuelezwa maumivu hayo. Tumeziona timu ngapi zikipanda, zikiimbwa, halafu mdhamini anaondoka na timu inafuata? Jezi zinabaki zinauzwa mtumbani. Mara nyingi kwetu, timu ikifa imekufa.

Ya Drake ilifufuka. Mwaka 1987 ilirudi uwanjani kwa sharti moja: hakuna tena ufadhili wa mpira. Anayetaka kucheza acheze kwa kupenda. Ilianza ngazi ya chini, ile ya tatu. Mwaka 1993, kanuni zilipovibana vyuo vya daraja la kwanza kuweka michezo yao yote kwenye daraja hilo, Drake na vyuo vingine vya aina yake wakawa na ligi yao: Pioneer. Waanzilishi walikuwa pamoja na Butler, Dayton, San Diego, Valparaiso na Evansville. Daraja ni la kwanza, ufadhili wa mpira hakuna.

Usidhani ligi hiyo ni bonanza la Jumapili. Jim Harbaugh, mmoja wa makocha wakubwa wa Marekani, alijijengea jina la ukocha akiwa San Diego, kwenye ligi hiyohiyo. Drake wenyewe walitwaa ubingwa wake mwaka 2023 bila kupoteza hata mechi moja ya ligi.

Halafu wakaingia mtoano wa taifa na kukutana na North Dakota State, timu inayotoa ufadhili. Matokeo: 66-3. Ndiyo bei yenyewe. Chuo kinajua kwamba siku kikikutana na wanaolipa, kinaweza kuoga mvua ya mawe. Mwaka uliofuata vijana wakarudi, wakatwaa ubingwa wa ligi yao tena.

SAFARI YA ARUSHA

Sasa turudi kwenye swali letu: kwa nini wao ndio waliokuja?

Kanuni za vyuo Marekani huiruhusu timu kusafiri nje ya nchi kucheza mara moja kila miaka minne. Wakubwa wa mpira wa Kimarekani huwa hawana haraka na nafasi hiyo. Mchezaji wao ni mali ya gharama. Hawataki aumie nje ya msimu. Kampuni ya Global Football ya Patrick Steenberge, aliyewahi kuchezea Notre Dame, ndiyo iliyoandaa mechi ya Tanzania. Kocha wa Drake wakati huo alikuwa Chris Creighton.

Kwa Drake safari hii haikuwa ya dakika 60 tu za mchezo. Wachezaji waliwafundisha watoto wa Arusha misingi ya mpira huo. Walishika majembe na kufanya kazi za kujitolea kwa ajili ya watoto yatima. Baada ya mechi wakaupanda Mlima Kilimanjaro. Watu wenye miili ya kubeba magunia, waliozoea tambarare za mahindi, wakawa wanahesabu hatua kwenye hewa nyembamba.

Hakuna kocha wa timu inayocheza kwa mamilioni ambaye angeruhusu kikosi chake kifanye hivyo. Drake waliweza kwa sababu hawakuwa na bidhaa ya kulinda. Walikuwa wanafunzi, na safari ilikuwa sehemu ya shule.

Iliwaharibia mpira? Msimu uliofuata tu, ule wa 2011, walimaliza wakiwa mabingwa wa Pioneer kwa pamoja na San Diego. Mwaka 2012 wakawa tena miongoni mwa mabingwa.

SOMO LA MIKOCHENI

Turudi kijiweni. Mikocheni ya leo ina majumba, maofisi na vyuo. Kipo Chuo Kikuu cha Kairuki kinachofundisha madaktari. Asubuhi barabara zinajaa wanafunzi. Jioni vijana wanatafuta pa kuchezea, na kila kiwanja kinachozungushiwa ukuta ni timu moja ya mtaani inayohama.

Katikati ya hao kuna mtoto mwenye kipaji ambaye mzazi wake amemwekea mezani vitu viwili na kumwambia achague kimoja. Tunamuona kila mwaka. Anang'ara UMITASHUMTA, anang'ara UMISSETA, halafu njia inagawanyika. Akichagua mpira, shule inakufa. Goti likimsaliti akiwa na miaka 23, hana pa kushika. Akichagua shule, viatu vinatundikwa msumarini siku anayoingia chuo, na mpira unabaki wa kuangalia kwenye kibanda umiza.

Tunapozungumza dawa ya tatizo hili huwa tunaanza na pesa. Tupate mdhamini kwanza, tupate wafadhili, tujenge akademi. Ni kweli pesa inahitajika. Hata Drake ina uwanja, ina kocha anayelipwa, ina basi. Tusidanganyane kwamba chuo cha Mikocheni kinaweza kuiga kila kitu.

Lakini kuna kitu kwenye historia ile ambacho hakinunuliwi. Ni ratiba inayomruhusu mwanafunzi kutoka maabara saa 10 jioni akaenda mazoezini bila kuonekana mhuni. Ni mwalimu anayejua kwamba mechi ya Jumamosi si utoro. Ni chuo kinachoiona timu kama sehemu ya masomo na si tangazo la kutafuta wateja. Na ni kukubali kufungwa 66-3 siku moja, halafu Jumatatu watu wakaingia darasani na jioni wakarudi mazoezini.

Siku hizi mambo yamebadilika zaidi huko kwao. Tangu 2021 wanafunzi wa Marekani wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na picha zao, na nyota wa vyuo vikubwa wanavuna mamilioni. Pengo kati ya wao na Drake linazidi kupanuka. Chuo cha Des Moines kitalazimika kujiuliza tena, kama kilivyojiuliza 1951 na 1986: tunacheza kwa ajili ya nini?

Kwa miaka yote hiyo jibu lao limekuwa lilelile. Wanataka mwanafunzi amalize chuo akiwa na shahada mkononi na vumbi kwenye viatu. Johnny Bright alivunjwa taya, akakataa NFL, akashinda Canada, na akaenda kuwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyemwambia achague kimoja.

Kwa hiyo Februari ijayo, kijana wa macho mekundu akija kijiweni, wazee msimcheke haraka. Mwagizieni kahawa na kashata, kisha mumuulize habari za Arusha. Na kama hajui, basi nyie sasa mnajua: mchezo ule ulishachezwa hapa, na waliousogeza mpira siku ile walikuwa wanafunzi waliotakiwa kurudi kwao kusoma.